Nusu Mzunguko wa Bisibisi

Mwanangu Zalihata,

Salamu naziruka, maana jioni hii tutakula sahani moja na uso wangu utauona. Sasa ni mchana wa Ijumaa. Wewe umekwenda kuaga rafiki zako, mama yako yuko kwa dada yake, na mimi nimekaa kwenye meza ya kazi. Nimekisogeza pembeni cherehani cha mwalimu wa skuli ambacho nilipaswa kukimaliza jana. Kesho asubuhi unapanda boti kutoka kisiwani hapa kwenda bara, halafu gari mpaka Mahajanga. Barua hii utaikuta usiku wa leo ukipanga nguo zako, ndani ya bati la biskuti, chini ya bisibisi zako, zile ulizoniachia ukisema huzihitaji tena. Nimezirudisha kwenye begi lako bila kukuuliza.

Naandika kwa Kiswahili, ambacho babu yako alinifundisha kwa fimbo na mimi nikakufundisha kwa uvivu. Katika nyumba hii tunaokisoma ni sisi wawili tu. Mama yako, Msakalava wa hapahapa kisiwani, akiishika karatasi hii atatambua jina lako na langu, basi. Mtu anaweza kudhani nimechagua lugha ya wazee kwa heshima. Sababu yenyewe nitaisema mwishoni.

Sitakuambia ule vizuri wala usali kwa wakati. Shangazi yako wa Ampisikina, huko Mahajanga, atakuambia hayo mpaka umchoke. Mimi nataka kukuambia habari ya kazi, kwa sababu unaondoka ukiamini kwamba umeichagua mwenyewe.

Mwaka jana, wakati kama huu, ulikuwa unasema mengine. Ulisimama hapa mlangoni, mikono imejaa mafuta, ukaniambia, "Baba, mimi sitaki bosi. Nitazunguka na begi langu kama wewe." Mama yako akacheka. Leo unakwenda kukaza skrubu kwenye kiwanda cha nguo, kwa mshahara wa mwezi, na mtaa mzima unanipa hongera kwa kulea binti mwenye akili. Katikati kuna yale ya kijiji cha Marodoka. Nitafika huko. Kwanza nataka ujue mkono huu ulikotoka.

Nilijifunza kazi Mahajanga kwa Karana mmoja, Mhindi wa duka la vitambaa, aliyekuwa na karakana ya vyerehani uani. Mshahara ulikuja vyerehani vilipokuja na vilipokosekana. Mvua ikinyesha wiki nzima, tunakaa tunapiga soga na mwezi ukiisha tunalipwa. Lakini kila jioni tajiri alitusimamisha mlangoni akatupapasa mifuko, mmoja mmoja, na mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu. Lile jambo lilinikaa rohoni kuliko ninavyoweza kukueleza. Wenzangu walilizoea wakawa wanainua mikono hata kabla hajawafikia.

Kisha ikaja ile miaka mibaya, Wangazija walipouawa na kufukuzwa Mahajanga. Unaijua, ingawa hatuizungumzi. Tajiri alinificha siku tatu stoo, nyuma ya masanduku, na wali aliniletea mwenyewe kwa mkono wake. Watu wetu waliobaki hai wengi wao walipanda meli wakaenda zao. Mimi nilibaki, na haukupita muda mrefu nikamwambia tajiri huyohuyo kwamba nimechoka kupapaswa, nataka kujitegemea. Alinipapasa mifuko kwa mara ya mwisho, akanifungulia mlango.

Unajua nilianza na kazi gani? Mafundi cherehani wa Mahajanga wengi walikuwa wa kwetu. Walipokimbia, vyerehani vyao vilibaki majumbani, vikabebwa na kila aliyepita, vikauzwa sokoni kwa bei ya kuku. Waliovinunua walikuwa hawajui hata kutia uzi. Walihitaji mtu wa kuvitengeneza na kuwaonyesha, na mtu huyo alikuwa mimi.

Mafundi wetu walikuwa na desturi. Chini ya cherehani, kwenye chuma kisichoonekana, mtu alichora kwa msumari jina lake, la baba yake na la mji wake wa Ngazija. Siku moja mama mmoja aliniletea cherehani chake kipya, akakilaza ubavu, akaniuliza, "Hili jina la nani, fundi? Liondoe, linanitisha." Sikuhitaji kulisoma. Nilikwisha kuona gurudumu lenye pengo, nikajua ni cherehani cha Mzee Hamadi, aliyenishonea kanzu zangu zote za Idi nilipokuwa mtoto. Nilichukua tupa nikalikwangua. Sikutumia muda wa kunywa kikombe cha kahawa. Yule mama alifurahi, akamleta jirani yake, na jirani naye alikuwa na cherehani chenye jina.

Ningekuwa bado kwa tajiri, ningekwangua vilevile, pengine. Lakini ningerudi nyumbani nikasema, tajiri kaniamuru. Anayejitegemea hana wa kumsingizia, Zalihata. Hilo ndilo la kwanza ambalo hakuna aliyeniambia. Wote waliniambia habari ya uhuru.

Nilihamia huku Nosy Be nikamuoa mama yako, ukazaliwa wewe. Nikawa nazunguka: mjini Hell-Ville, Marodoka, Nosy Komba kwa wale kina mama wa mapambo ya kudarizi, na mara mbili kwa mwaka narudi Mahajanga. Wewe ulinijua kama mtu anayesalimiwa kwa heshima njiani, "Mbola tsara, fundi," na mimi nainua kofia. Ulikuwa unanishika kidole ukajiona binti wa waziri.

Mimi nilikuwa naona mengine. Siku ya Idi, watu wametoka msikitini wamevaa vipya, mimi nilikuwa natazama mishono. Nikiona pindo limeruka mishono, moyo wangu unafurahi: hapo kuna cherehani kibovu, keshokutwa nitaitwa. Uliniuliza, "Baba, unatazama nini?" Nikakujibu natazama watu walivyopendeza. Nilikuwa natamani vitu vya watu viharibike, siku ya sikukuu, huku nikiwapa mikono na kuwaombea heri. Mtu wa mshahara hahitaji kuomba hivyo. Ugonjwa wake ni mwingine, nitakuja kuusema.

Sasa sikiliza vizuri. Cherehani kikitengenezwa sawasawa kinakaa miaka. Fundi hodari anajifukuzia kazi mwenyewe, na mimi nilikuwa hodari. Kuna msimu mmoja wa mvua nilikaa wiki sita bila mtu kubisha hodi. Mama yako alipika mihogo. Alipobisha mtu wa kwanza baada ya hapo, nilimtengenezea vizuri, na wakati wa kumaliza, ile skrubu inayoshika mti wa sindano niliilegeza nusu mzunguko. Nusu tu. Cherehani kinashona vizuri mwezi, miezi miwili, kinatikisika kidogokidogo, halafu sindano inashuka unene wa unywele na mishono inaanza kuruka. Mwenyewe anadhani ni uzee wa chuma. Ananiita, nakaza, nalipwa, naambiwa Mungu anibariki.

Nilifanya hivyo miaka, sitakudanganya. Si kwa wote. Nilichagua, na kuchagua kwenyewe ndiko kunakonichukiza nikikumbuka. Wakali niliwaogopa. Niliwafanyia wale walioniamini.

Bi Soazara wa Nosy Komba unamjua, yule aliyekuwa akikupa embe kila tukienda. Alikuwa na cherehani kimoja na mikono ya ajabu. Hoteli moja ikampa kazi ya vitambaa vya meza, kazi kubwa, ya kumtoa kwenye shida. Mimi nilikuwa nimepita kwake mwezi uliotangulia nikaacha nusu mzunguko wangu, kama kawaida. Mishono ilianza kuruka akiwa katikati ya kazi, na mimi nilikuwa Mahajanga. Alinitafuta, akatuma watu mpaka kwa mama yako. Alimalizia kwa mkono, yeye na dada zake, na siku ya kukabidhi ilipopita hoteli ikachukua kazi yake ikampa mtu mwingine. Cherehani alikiuza. Sasa anakaanga ndizi pale gatini, umemnunulia mara ngapi. Niliporudi nilikwenda kumpa pole, nikakaa kwenye mkeka wake, nikanywa chai yake. Akaniambia, "Ungekuwapo wewe, fundi, yasingenipata. Bahati yangu tu." Nikamjibu kweli, bahati.

Baada ya hapo niliacha kwa muda. Sikuacha kwa toba. Niliacha kwa woga.

Wewe ulianza kushika bisibisi ukiwa na miaka kumi na miwili, na ukiwa na kumi na mitano ulikuwa unanizidi. Sijawahi kukuambia. Mimi hufungua cherehani ndipo nijue. Wewe ulikuwa unakizungusha gurudumu mara moja, unainamisha kichwa, unasema, "Chini, upande wa kulia," na huko ndiko. Unakumbuka ulivyovunja kile kibao cha chini ya sindano cha mke wa polisi? Kilikuwa na ufa tangu zamani, tungeweza kusema kimevunjika chenyewe. Ulikwenda kwake peke yako ukamwambia umekivunja wewe. Tukakosa malipo na tukanunua kibao. Nilikugombeza mpaka majirani wakaja kuniuliza kuna nini. Nilisema nakugombeza kwa hasara. Uongo. Nilikugombeza kwa sababu ulifanya jambo ambalo mimi sikuwa nimeliweza hata mara moja, na ulilifanya bila kuhangaika, ukarudi ukala wali wako.

Halafu watu wakaanza kuja mlangoni wakinipita. "Yupo binti?" Mimi nimekaa hapa, miwani usoni, bisibisi mkononi, mtu ananiuliza yupo binti. Nilikuwa nacheka nao, namwita mtoto wangu aje. Nilikuwa nakuonea wivu, Zalihata. Nalisema hivyohivyo, maana nikilipamba litakuwa uongo mwingine.

Sasa Marodoka. Raziya, mshonaji wa nguo za maharusi, alikuletea wewe cherehani chake, si mimi. Ulikitengeneza siku mbili. Ilikuwa kazi safi. Nilikijaribu mwenyewe ulipokuwa jikoni na sikuona kosa, na nilitafuta. Jumamosi asubuhi ukakiweka barazani kumsubiri mtu wa kukichukua, ukaenda sokoni na mama yako.

Nilitumia bisibisi yako ndogo, yenye mpini mwekundu. Safari hii haikuwa nusu. Nilizungusha zaidi kidogo, ili isingoje miezi miwili.

Yaliyofuata unayajua kwa upande wako. Raziya alishona gauni la hariri la bi harusi usiku na mchana, na mishono iliruka mgongo mzima, hariri ikachanika alipofumua. Alikuja hapa na cherehani na gauni lenyewe, gauni akakutupia kifuani mbele ya watu, akakuambia, "Rudi kwa baba yako akufundishe kwanza." Ulitaka kukifungua cherehani uone. Nilikunyang'anya. Nilikiinamia mimi, nikageuza skrubu mara moja mbele yake, nikashona kipande cha kitambaa, mishono ikatoka imepangana. Raziya akasema fundi ni fundi. Na wewe ulinitazama kwa shukrani. Nilifikiri nimekwisha kuona kila kitu duniani, lakini ile shukrani yako sikuitegemea.

Hukulia. Ulizifuta bisibisi zako, ukazipanga kwenye bati. Nikangoja wiki mbili, nikamwandikia jamaa yangu wa Mahajanga kama kiwanda kinataka fundi. Nilipokuletea habari ulisema, "Sawa Baba, labda mimi ni mtu wa kuongozwa." Nilikupapasa bega. Nilisema kuongozwa si aibu.

Kwa muda nilijiambia nimekufanyia huruma, nimekuokoa usije ukawa mtu wa kutazama mapindo ya wenzake siku ya Idi. Maneno mazuri, nilikaribia kuyaamini. Lakini mtu wa huruma angekukalisha akakueleza. Mimi nilitaka watu waache kuuliza yupo binti, na wameacha. Kile cha mwalimu kilichopo hapa mbele yangu kililetwa kwangu mimi.

Basi sasa unajua, na bado hujajua uchague nini, na mimi sikusaidii. Mshahara una ubaya wake. Utapapaswa mifuko kwa namna moja au nyingine. Utazoea, na siku utakayoinua mikono kabla hujaambiwa hutaiona ikipita. Kujitegemea nako nimekueleza kulikonifanya. Usiseme kazi ndiyo iliyonifanya, hata hivyo. Mzee Hamadi alijitegemea maisha yake yote na hakuna aliyewahi kumrudishia kanzu. Wapo wanaokaa wiki sita wakala mihogo na skrubu zao zikabaki zimekazwa. Mimi sikuwa mmoja wao, na sikulijua hilo mpaka njaa iliponikalisha chini. Wewe umekwisha kupimwa na kibao cha mke wa polisi. Mimi nilikuwapo, nikakugombeza.

Kosa lako moja nitakuambia, maana lipo. Uliacha cherehani kilichokamilika barazani ukaondoka, na uliporudi hukukijaribu tena kabla ya kukikabidhi. Uliamini kwamba hapa ni nyumbani. Anayebeba jina lake mwenyewe hukagua mara ya mwisho hata kama aliyekaa karibu na kazi yake ni baba yake. Hilo ni somo la kikatili na mimi ndiye niliyelileta. Litakufaa.

Umengoja nikuambie kwamba nimekwenda kwa Raziya. Sijakwenda. Juzi nilifika mpaka mlangoni pake, nikasikia cherehani chake kinakwenda vizuri, nikarudi. Nikimwambia Raziya, jioni watajua Marodoka yote, kesho yake mjini, keshokutwa Nosy Komba, na Bi Soazara ataacha ndizi zake zikaungua akae kuhesabu. Hakuna atakayebisha hodi hapa tena. Sijui kazi nyingine, na mama yako ataishi wapi. Kwa hiyo wewe utaondoka na jina bovu na mimi nitabaki na zuri. Nimelipima hilo nikaona nalimudu. Usidhani naumwa sana. Leo mchana nimekula vizuri.

Ndiyo sababu nimeandika kwa Kiswahili. Karatasi hii hata ikiokotwa, hapa hakuna wa kuisoma. Nimekuambia kweli kwa namna ambayo hainigharimu chochote, kama nilivyofanya mambo yangu yote.

Isipokuwa kitu kimoja. Boti la kesho linaondoka asubuhi, lakini Marodoka si mbali, na wewe Kisakalava unakijua kuliko mimi. Unaweza kumketisha Raziya ukamsomea neno kwa neno, ya bisibisi yenye mpini mwekundu na yote. Unaweza kwenda kwa Bi Soazara. Akisema mtu kwamba umetunga, muonyeshe chini ya karatasi hii. Nimeandika jina langu kamili na la baba yangu na la mji wake, kama mafundi wetu walivyokuwa wakilichora pale pasipoonekana.

Hili usimpe mtu akalikwangua.

Baba yako,
Mbaraka wa Saidi, wa Mitsamihuli, Ngazija